Ustahimilivu, Msimamo Mkali wa Kidini na Haki ya Kujihami: Uchambuzi wa Dhana katika Mazingira ya Kenya

Ikisiri

Makala haya yanachunguza dhana tatu ambazo aghalabu hutajwa pamoja lakini ni nadra kupambanuliwa kwa makini: msimamo mkali wa kidini, ustahimilivu na haki ya kujihami. Hoja inayotetewa ni kwamba ustahimilivu na kujihami si mahasimu. Dhana zote mbili hutegemea mpaka mmoja, nao ni mpaka ulio kati ya imani ya mtu na kitendo chake. Mpaka huo ukifutwa, ustahimilivu hugeuka kuwa woga na kujihami hugeuka kuwa kisasi. Mifano imetolewa katika matukio yaliyoikumba Kenya kati ya 2012 na 2023, na uchambuzi unaanzia kwenye maneno yenyewe ya Kiswahili.

1.0 Utangulizi

Tarehe 2 Aprili 2015, wapiganaji wa Al-Shabaab walivamia Chuo Kikuu Kishiriki cha Garissa alfajiri na kuwaua watu 148, wengi wao wakiwa wanafunzi. Waliwatenga wanafunzi kwa misingi ya dini kabla ya kuua. Tangu siku hiyo, mjadala kuhusu dini na usalama haukuweza tena kuwa mada ya mbali kwa mwanafunzi wa chuo kikuu nchini Kenya. Ulikuwa umebisha hodi kwenye bweni.

Baada ya mauaji ya namna hiyo, kauli mbili husikika. Ya kwanza huhimiza uvumilivu: watu wakae kwa subira na wasamehe, kwa kuwa subira huvuta heri. Ya pili huhimiza nguvu: dawa ya moto ni moto. Kila kauli ina methali zake na watetezi wake, na mwamba ngoma huvutia kwake. Makala haya yanaonyesha kwamba kauli zote mbili zina kasoro moja. Zinachukulia kwamba mtu hana budi kuchagua ama kustahimili ama kujihami.

2.0 Maneno na Mizizi Yake

Ni vyema kuanza na istilahi, kwa sababu mkanganyo wa fikra mara nyingi huanzia katika mkanganyo wa maneno.

Kitenzi ‘stahimili’ kinatokana na mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kubeba. Anayestahimili, basi, ni mtu aliyebeba kitu kizito bila kukitupa. Maana hii inafaa kuzingatiwa: hakuna anayestahimili jambo linalompendeza. Mtu anayesema kwamba dini zote kwake ni sawasawa hana mzigo wowote wa kubeba. Mstahimilivu halisi ni yule anayeamini kwamba jirani yake amekosea katika jambo kubwa kabisa, na bado anamwachia njia ya kwenda kuabudu.

Nomino ‘imani’ ina uhusiano wa kuvutia na ‘amani’ pamoja na ‘amana’. Maneno hayo matatu yana mzizi mmoja wa Kiarabu unaohusu usalama na kuaminiana. Nomino ‘itikadi’, kwa upande wake, inatokana na mzizi wenye maana ya kufunga fundo. Imani kwa asili yake inatazama usalama, ilhali itikadi ni jambo lililofungwa moyoni likakazwa. Fundo kukazwa si kosa. Tatizo huanza pale mtu anapotaka kulifunga shingoni mwa mwenzake.

Kitenzi ‘jihami’ kina mzizi wenye maana ya kulinda. Kinakaribiana na ‘jikinga’, ‘jilinda’ na ‘jitetea’, na vitenzi hivi vyote huashiria hatari iliyopo mbele ya mtendaji. Hali ni tofauti na ‘lipiza kisasi’, ambacho hutazama nyuma. Asili ya neno ‘kisasi’ katika sheria ya Kiislamu ni adhabu iliyopimwa, isiyozidi dhara lililotendwa, inayothibitishwa mbele ya hakimu na kuacha mlango wazi wa msamaha au fidia. Lilipotulia katika Kiswahili, neno hilo liliacha kipimo na hakimu nyuma, likabaki na uchungu. Mabadiliko haya ya kisemantiki ni funzo tosha: kulipiza bila kipimo na bila mwamuzi ndiko Mswahili alikokuita kisasi.

Istilahi ya msimamo mkali ina historia yake pia. Dhana hii haikuzaliwa katika Uislamu, kama wengi wanavyodhani. Kati ya 1910 na 1915, Waprotestanti nchini Marekani walichapisha mfululizo wa vijitabu ulioitwa The Fundamentals, kwa nia ya kutetea waliyoyaona kuwa misingi ya Ukristo dhidi ya usomaji mpya wa Biblia. Mwaka 1920 mhariri wa gazeti moja la Kibaptisti, Curtis Lee Laws, aliwapa watetezi hao jina lililotokana na misingi hiyo, naye alikuwa akiwasifu.

Katika Kiswahili, vyombo vya habari hutumia ‘msimamo mkali’, ‘itikadi kali’ na ‘siasa kali’ kana kwamba ni kitu kimoja. Kivumishi ‘-kali’ ndicho chenye utata. Husemwa pilipili kali, jua kali, kisu kikali na mwalimu mkali. Kivumishi hiki hupima kiwango tu, hakielezi kitendo. Mtawa anayefunga siku nyingi na mtu anayetega bomu wanaweza wote kuitwa wenye imani kali, na hapo lugha inakuwa imemchanganya asiye na hatia na muuaji.

3.0 Ngazi Tatu za Msimamo Mkali

Ili kuondoa utata huo, makala haya yanapendekeza kupambanua ngazi tatu.

Ngazi ya kwanza ni ya kushika misingi. Muumini anaamini kwamba maandiko yake hayana kosa, anavaa kwa namna fulani, anakataa pombe au muziki, na hata anaona kwamba walio nje ya dini yake wamepotea. Wengine wanaweza kumwona mgumu, lakini hajamdhuru mtu. Kifungu cha 32 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinamlinda, kwa kuwa kinampa kila mtu uhuru wa dhamiri, dini, mawazo, imani na maoni. Kifungu cha 8 nacho kinakataza kuwepo kwa dini ya taifa.

Ngazi ya pili ni ya kushurutisha. Hapa muumini hatosheki kushika misingi. Anataka wengine waishike watake wasitake, au anachochea wadhuriwe. Kifungu cha 32 kinakataza mtu kulazimishwa kutenda jambo lililo kinyume na imani yake, na Kifungu cha 33 kinaondoa uchochezi wa vurugu na kauli za chuki katika uhuru wa kujieleza. Dawa ya ngazi hii ni hoja, malezi na, inapobidi, mahakama.

Ngazi ya tatu ni ya kushika silaha. Hapa ndipo haki ya kujihami inapoingia.

Ngazi hizi hazina dini maalumu. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, ilifukuliwa zaidi ya miili 400 ya watu waliohusishwa na kanisa moja ambalo waumini wake walidaiwa kuhimizwa kufunga hadi kufa ili wakutane na Yesu. Miongoni mwa waliokufa walikuwamo watoto. Mtu mzima anaweza kujichagulia saumu. Mtoto hana uwezo wa kuchagua wala kujihami. Tukio hilo linaonyesha kwamba anayeumizwa kwanza na msimamo mkali anaweza kuwa muumini mwenyewe na jamaa zake. Linaonyesha vilevile kwamba kustahimili imani hakuliondolei dola wajibu wa kumlinda asiyeweza kujilinda.

4.0 Mipaka ya Ustahimilivu

Swali la iwapo mstahimilivu anapaswa kumstahimili asiyestahimili wengine limewashughulisha wanafalsafa kwa muda mrefu. John Locke, katika barua yake kuhusu ustahimilivu iliyochapishwa 1689, alieleza kwamba upanga wa dola hauwezi kuzaa imani ndani ya moyo, kwa hivyo ni bure kuutumia kwa kazi hiyo. Hata hivyo, yeye mwenyewe aliwatenga wasioamini Mungu, jambo linalodhihirisha jinsi ilivyo vigumu kuwa mstahimilivu hadi mwisho.

Karl Popper, katika kitabu The Open Society and Its Enemies cha 1945, alionya kwamba ustahimilivu usio na mpaka hujiangamiza wenyewe, kwani wasiostahimili huutumia kuwafuta wanaostahimili. Onyo hili hunukuliwa mara kwa mara, lakini sehemu yake ya pili husahauliwa. Popper hakutaka wenye fikra hizo wanyamazishwe maadamu wanaweza kujibiwa kwa hoja. Nguvu aliihifadhi kwa wakati ambapo watu hao wanayakataa mazungumzo na kujibu hoja kwa ngumi na risasi. Mpaka wake, kama ule wa ngazi tatu zilizotajwa, umewekwa kwenye kitendo.

Hekima ya Waswahili inaujua mpaka huu kwa njia yake. Methali isemayo ‘mkono usioweza kuukata, ubusu’ huelezwa kama wito wa unyenyekevu, lakini ukiitazama kwa makini inaeleza hali ya mnyonge anayesubiri kupata nguvu. Anayebusu mkono kwa sababu hana uwezo wa kuukata hajastahimili, ameahirisha. Ndiyo maana jamii iliyonyimwa haki ya kujihami haiwezi kusifiwa kwa ustahimilivu wake. Kustahimili kwa kweli ni hiari ya mwenye uwezo wa kutenda vinginevyo.

5.0 Haki ya Kujihami

Kanuni ya Adhabu ya Kenya, kifungu cha 17, inaelekeza kwamba dhima ya jinai ya mtu aliyetumia nguvu kujikinga au kukinga mali ipimwe kwa misingi ya sheria ya kimila ya Uingereza. Misingi hiyo inaweza kufupishwa hivi. Kwanza, pawepo hatari ya sasa au iliyo karibu mno. Pili, nguvu iwe ya lazima. Tatu, nguvu hiyo ilingane na hatari. Nne, mtu anaweza kumkinga mwingine kama anavyojikinga mwenyewe. Katika kesi ya Palmer iliyotoka Jamaika na kuamuliwa London mwaka 1971, majaji walikiri kwamba aliyeshambuliwa hawezi kupima nguvu yake kama mtu anayepima dhahabu kwenye mizani. Lakini walisisitiza pia kwamba hatari ikiisha, haki hiyo nayo huisha. Nguvu inayotumika baada ya hapo ina jina jingine.

Kati ya mataifa, Kifungu cha 51 cha Mkataba wa Umoja wa Mataifa kinatambua haki ya kujihami pale shambulio la silaha linapotokea. Kenya ilieleza kwamba inatumia haki hiyo ilipopeleka majeshi Somalia mwezi Oktoba 2011 katika operesheni iliyoitwa Linda Nchi. Jina lenyewe ni tamko la kisheria: kitenzi kilichochaguliwa ni ‘linda’.

Misingi hii yote, ya mtu binafsi na ya dola, inashika jambo moja: anayezuiwa ni mshambuliaji. Hakuna msingi unaoruhusu kujihami dhidi ya dini, kabila au mavazi.

6.0 Matukio na Mafunzo Yake

6.1 Kujihami kulikogeuka kisasi

Tarehe 27 Agosti 2012, mhubiri wa Kiislamu Aboud Rogo Mohammed aliuawa kwa risasi mjini Mombasa. Ghasia zilizofuata ziliwafikia watu wasiohusika, na makanisa kadhaa yakavamiwa. Waliovamia waliweza kudai kwamba wanaitetea dini yao. Kwa kipimo cha sehemu ya 5.0, dai hilo halisimami, kwa maana waliokuwa wakisali makanisani hawakuwa wamemshambulia mtu.

Dola nayo ilianguka katika mtego wa aina hiyo hiyo. Mwezi Aprili 2014, kupitia operesheni ya Usalama Watch, maelfu ya watu, wengi wao wakiwa Wasomali, walikamatwa hasa katika mtaa wa Eastleigh jijini Nairobi, na wengi wakazuiliwa katika uwanja wa michezo wa Kasarani. Nchi ilikuwa na haki ya kujikinga dhidi ya mashambulio. Lakini wavu uliotupwa kwa sura na asili ya mtu hauwezi kutofautisha mhalifu na muuza duka. Aidha, ulimpa adui hoja aliyokuwa akiitafuta, kwamba Mwislamu wa Kisomali hana kwao nchini Kenya.

6.2 Kumkinga mwingine

Tarehe 1 Julai 2012, watu wenye silaha walishambulia makanisa mawili mjini Garissa wakati wa ibada ya Jumapili na kuua zaidi ya waumini 10. Siku chache baadaye viongozi wa Kiislamu nchini walikubaliana kwamba vijana wa Kiislamu washiriki katika kuyalinda makanisa. Uamuzi huu unafaa kutafakariwa. Waliojitolea hawakuwa wamebadilisha itikadi. Fundo lao lilibaki pale pale. Walitambua tu kwamba kumlinda anayesali kwa namna nyingine ni sehemu ya haki ya kujihami, kwani sheria inaruhusu kumkinga mwingine.

6.3 Mandera, 2014 na 2015

Tarehe 22 Novemba 2014, basi lililotoka Mandera kwenda Nairobi lilitekwa. Wasio Waislamu walitengwa, na watu 28 wakauawa. Miongoni mwao walikuwamo walimu waliokuwa wakienda likizo. Mbinu ya wauaji ilitegemea utengano: kwanza gawa, kisha ua.

Tarehe 21 Desemba 2015, basi jingine lilivamiwa katika kaunti hiyo hiyo, na abiria waliamriwa wajitenge kwa dini. Abiria Waislamu walikataa. Baadhi ya wanawake waliwapa Wakristo hijabu wajifunike, na abiria wakawaambia wavamizi wawaue wote au wawaache wote. Watu wawili waliuawa, lakini mauaji ya halaiki hayakutokea. Salah Farah, naibu mwalimu mkuu, ambaye alikuwa miongoni mwa waliokataa, alijeruhiwa kwa risasi na kufariki Januari 2016. Serikali ilimtunuku nishani baada ya kifo chake. Kisa hicho ndicho chanzo cha filamu fupi iliyotoka 2017 kwa jina la Kiswahili, Watu Wote.

Tukio la pili la Mandera ndilo kitovu cha makala haya, kwani ndani yake dhana zote tatu zinakutana. Wavamizi walikuwa katika ngazi ya tatu ya msimamo mkali. Abiria Waislamu walistahimili imani ya wenzao kwa maana kamili ya kubeba: waliibeba hadi mahali ambapo ingeweza kuwaua wao wenyewe. Na kwa kukataa kutengana walijihami pamoja na wenzao dhidi ya kitendo mahususi, huku wakimnyima adui kifaa alichokihitaji zaidi ya bunduki.

Haitoshi, hata hivyo, kuligeuza tukio hilo kuwa kanuni ya kumdai kila mtu ushujaa. Mwanafunzi wa Garissa aliyejificha chini ya kitanda hakukosea, wala hapaswi kuulizwa kwa nini hakusimama. Hakuwa na silaha, na kikosi maalumu cha polisi kilifika saa nyingi baada ya shambulio kuanza. Haki ya kujihami ya raia haimwondolei mlinzi wake wajibu. Kadiri dola inavyochelewa, ndivyo raia anavyosukumwa ama kwenye unyonge ama kwenye kisasi.

7.0 Dhima ya Lugha

Wakenya wanafahamu kwamba maneno hutangulia mapanga. Kabla na wakati wa ghasia za 2007 na 2008, jirani wa kabila jingine aliitwa ‘doadoa’, na kitendo cha kumfukuza kikaitwa ‘kuondoa madoadoa’. Neno la kufua nguo lilitumiwa kuficha umwagaji wa damu. Ghasia zile zilikuwa za kisiasa na kikabila, lakini mbinu ya lugha ni ile ile katika chuki ya kidini: kumwondolea mtu jina la mtu ili kumdhuru kusiwe dhambi.

Kutokana na uchambuzi huu, mwanafunzi wa Kiswahili anaweza kuzingatia mambo matatu. Kwanza, ataje mtendaji kwa kitendo chake. ‘Wapiganaji wa Al-Shabaab wameshambulia’ ni taarifa. ‘Waislamu wameshambulia’ ni uongo unaohukumu mamilioni. Pili, asitumie ‘jihami’ mahali pa ‘lipiza’. Kikundi kinachochoma nyumba usiku kwa sababu ya mauaji ya juma lililopita hakijihami, hata kikijiita walinzi. Tatu, asitumie ‘uvumilivu’ kumtaka aliyeonewa anyamaze. Mvumilivu hula mbivu, lakini aliyepokonywa shamba hana tunda la kungojea.

8.0 Hitimisho

Makala haya yamebainisha kwamba ustahimilivu unahusu imani na kujihami kunahusu kitendo. Muumini mgumu asiyemdhuru mtu anastahili kuachwa na ugumu wake. Mchochezi anastahili kujibiwa na kushtakiwa. Mshambuliaji anastahili kuzuiwa kwa nguvu inayolingana na hatari, na akishazuiwa apelekwe mbele ya hakimu. Anayeruka ngazi na kumpiga muumini kwa kosa la mshambuliaji humfanyia mshambuliaji kazi yake.

Katika Kenya, Mwislamu na Mkristo watazidi kupanda basi moja na kulala bweni moja, kila mmoja akiamini kwamba mwenzake amekosea. Hilo si tatizo linalohitaji kutatuliwa. Ni mzigo wa kubebwa, nao hubebeka maadamu kila abiria ana hakika kwamba bunduki ikiingia ndani ya basi, hakuna atakayenyoosha kidole kumwonyesha mwingine.

Maswali ya Mjadala

1. Pambanua kisemantiki ‘vumilia’, ‘stahimili’ na ‘nyamazia’ kwa kutumia mifano ya sentensi.
2. Je, ‘itikadi kali’ ni istilahi mwafaka? Pendekeza istilahi itakayotaja kitendo badala ya kiwango.
3. Jadili methali ‘dawa ya moto ni moto’ kwa kuzingatia misingi ya kisheria ya kujihami iliyoelezwa katika sehemu ya 5.0.